Umealikwa wikiendi kwa kina rafiki huko masomoni? Uliza haya kabla hujapanga begi

Upo chuo nchi ya watu, umeshazoea chumba cha hosteli na kula peke yako mbele ya laptop, mara mwenzako wa darasani anakwambia wikiendi hii twende nyumbani ukawaone wazazi wangu. Mi nakwambia nenda, tena usijivunge. Ila kuna maswali ya kuuliza mapema, maana ukisubiri mpaka mlangoni hapo watu wanachekeana tu, hakuna anayeuliza wala anayejibu ukweli.

La kwanza: wenye nyumba wanajua unakuja? Usicheke. Anayekualika ni rafiki yako lakini nyumba ni ya mama yake, na jamaa anaweza akawa kasema tu "nakuja na mtu" bila kusema ni mtu gani, wa kike au wa kiume, na analala siku ngapi. Mimi nilishafika kwa watu Ijumaa usiku nikamkuta mama wa watu anatandika godoro sebuleni haraka haraka huku anamtupia mwanae jicho, nikatamani kurudi na basi lile lile lililonileta. Toka siku hiyo nauliza wazi kabisa, wazazi wanajua? tunafika saa ngapi tunaondoka lini? nalala wapi? kuna mbwa au paka ndani? (hili la wanyama unaweza kuliona dogo mpaka saa nane usiku pua zimeziba macho yamevimba na huna pa kukimbilia). Uliza pia kama wikiendi hiyo kuna shughuli yoyote, ibada, harusi, bethidei ya bibi, maana nguo za kushinda nyumbani na za kwenda kwenye shughuli sio zile zile.

Halafu chakula. Kama kuna kitu huli, iwe kwa dini, kwa aleji au kwa amri ya daktari, sema siku kadhaa kabla na mwambie rafiki yako amfikishie anayepika. Wengi wetu tunaona aibu tunasema nitajikaza hukohuko, matokeo yake mtu kasimama jikoni asubuhi nzima alafu wewe unachokonoa sahani, hapo ndo aibu yenyewe. Na jiandae kujibu unachomaanisha. Kuna nyumba ukikaribishwa unakataa kidogo kwa adabu, wanakubembeleza, unakubali. Kuna nyumba nyingine ukisema "hapana asante nimeshiba" basi imeisha hiyo, sahani inaondolewa, na wanaona wamekuheshimu. Nililala njaa usiku mzima kwa hiyo adabu yangu. Muulize rafiki kwao wako upande gani.

Sasa kuna hili ambalo rafiki yako hawezi hata kulifikiria, kwa sababu yeye ana pasi ya kule na wewe una visa. Kwao ni wapi hasa? Kama ni ng'ambo ya mpaka, hata kama ni saa mbili tu kwa basi na yeye anapita kila mwezi bila kuulizwa, wewe soma visa yako kwanza. Ikiwa ni ya kuingia mara moja, ukitoka umetoka, kurudi darasani Jumatatu inaweza ikawa kesi. Na usidanganyike na mpaka usio na askari. Mtu anayesoma Dublin akialikwa Belfast hatakuta kizuizi chochote barabarani, ila Belfast ni Uingereza na Dublin ni Ireland, na kama pasi yako inahitaji visa ya Uingereza basi inahitaji, askari awepo asiwepo. Kama una wasiwasi nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni ukaulize, sio kuuliza kwenye grupu la WhatsApp. Bima ya afya nayo iangalie kama inavuka mpaka na wewe. Hata kama hamtoki ndani ya nchi, beba kitambulisho na kibali chako cha kuishi, kuna nchi mgeni anatakiwa atembee navyo muda wote.

Usafiri sio wa kuongea sana, ila anwani ya nyumba iandike kwenye karatasi, simu huwa inazima chaji siku ambayo mmepotezana stesheni. Tazama usafiri wa mwisho wa Jumapili unaondoka saa ngapi, sehemu nyingi Jumapili ratiba ni tofauti na siku za kazi. Na mtu mmoja wa nje ya hiyo safari ajue uko wapi, hata kama unamwamini rafiki kama ndugu. Namba ya dharura ijue kwa kichwa, na iwe ya nchi uliyopo sio ya kwenu, Umoja wa Ulaya wote ni 112, Marekani 911.

Begi liwe dogo. Nguo ya kulalia iwe ya heshima, utakutana na baba yake koridoni saa kumi na moja alfajiri unaenda chooni, amini nakwambia. Soksi zisizo na tundu, kwa sababu huenda mkavua viatu mlangoni. Ndala, taulo lako, dawa za siku zote pamoja na moja ya akiba. Kama mnapanda ndege pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini. Hela nayo beba yako, hata ukiambiwa usijali, mkitoka wote jioni isije ikawa kila ukitaka maji mzee wa watu anaingiza mkono mfukoni.

Zawadi? Ndogo tu, kitu cha kutoka kwenu ni bora kuliko cha bei. Ila uliza kabla, usije ukapeleka chupa ya mvinyo kwa watu wasiokunywa.

Jifunze majina ya watu wa nyumba na uulize wanaitwaje, kuna wazazi ukiwaita kwa jina la kwanza wanafurahi na kuna ambao rafiki yako mwenyewe hathubutu. Utaulizwa sana kuhusu kwenu, mengine maswali ya ajabu, andaa picha kadhaa kwenye simu, zinasaidia pale lugha inapogoma. Lakini picha za nyumba yao na watoto wao usirushe status bila ruhusa. Kuna kitu kingine hakisemwi sana, kuona familia ya mtu imekaa mezani inacheka kunaweza kukukumbusha yako mpaka koo likakukaba. Hiyo ipo. Kubaliana na rafiki mapema kwamba ukisema unaenda kupumzika asikufuate na asione umechukia, mgeni anachoka kuliko mwenyeji maana muda wote yuko kwenye lugha ya watu.

Kuosha vyombo jitolee, wakikataa mara mbili achana nao. Bafuni uliza wenzako wanaoga saa ngapi wanaowahi kazini, na ukitoka futa maji. Jumapili uliza mashuka uyatoe au uyaache. Ukishafika chuo tuma mesej ya kushukuru kwa mama yake mwenyewe, usipitishie kwa rafiki, kwa hiyo namba yake iombe kabla hujaondoka. Na kabla ya kufunga begi angalia soketi ya pembeni ya kitanda, chaja yako iko hapo.