Una gari la kabureta Tanga? Anza na mafuta kabla hujafungua injini

Wadau wenye Land Rover za zamani na magari mengine ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), gari likianza kumisi au kukosa nguvu msikimbilie dawa za kuongeza oktani (uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kujilipukia), hela inaenda bure. Injini za mwanzo zilitengenezwa kwa petroli dhaifu, ndo maana Ford Model T ya 1908 kompresheni yake, yaani inavyobana hewa na mafuta ndani ya silinda, ilikuwa kama 4.5 kwa 1 tu, wangepandisha zaidi mafuta ya wakati ule yangejilipukia kabla moto wa plagi haujayafikia na injini ingegonga. Ukiipa injini ya hivyo oktani kubwa haiongezi nguvu yoyote, inachotaka ni mafuta safi.

Sasa kupima. Injini ikiwa ya baridi, uko nje na hakuna sigara wala jiko karibu, legeza nati ya chini ya tanki ukinge robo chupa ya kioo kisha iache itulie. Maji yanakaa chini, utaona mstari kabisa na vitone vinaviringika kama shanga ukiinamisha chupa. Huku pwani unyevu ni mwingi, tanki likilala nusu tupu wiki nzima maji yanajitengeneza yenyewe humo ndani, kwa hiyo gari la kupaki lijaze.

Afu dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, liache kivulini. Petroli safi inakauka yote, ikibaki alama ya mafuta mafuta jua imechakachuliwa, mara nyingi na mafuta ya taa. Hayo yanashusha oktani, asubuhi gari linagoma kuwaka, na mengine yanateremka mpaka kwenye oili na kuifanya nyepesi, hapo beringi ndo zinaumia. Ukipanda Mombo kwenda Lushoto utasikia kri kri kri ya vyuma ukikanyaga, ndo injini inagonga, shusha gia na ulegeze mguu hapo hapo. Fundi anaweza kurudisha taimingi (muda wa plagi kutoa cheche) nyuma kidogo kwenye disibyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi, ila ukipata mafuta mazuri airudishe ilipokuwa, maana ikibaki nyuma injini inachemsha.

Na valvu jamani. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na ni vizuri ilivyoondoka maana ni sumu, ila risasi ndo ilikuwa inalinda siti za valvu za ekzosti, pale valvu inapokaa ikifunga. Ukiona gepu ya valvu inapungua kila ukipima, ndo siti inalika, silinda hedi ikishushwa mwambie fundi aweke siti ngumu.