Somo: Pesa ya waendelezaji ijenge bustani ya mtaa

Wakuu habari. Tangu Dodoma itangazwe jiji Aprili 2018, nyumba zinaota Iyumbu, Njedengwa mpaka Ihumwa kwa kasi ambayo hata wenyeji hatukuitegemea. Watoto wanacheza chandimu barabarani. Swali linalorudi kila kikao ni hili: anayejenga apatimenti hamsini si achangie bustani ya hao anaowaleta? Inawezekana, ila kuna kazi.

Hatua ya 1: Eneo kwanza, pesa baadaye

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadai mchango wakati hawajui bustani itakaa wapi. Nendeni ofisi ya mipangomiji mkaombe kuona mchoro wa mtaa wenu, mtafute palipoandikwa eneo la wazi. Mji huu una mpango kabambe tangu 1976, na CDA, mamlaka iliyokuwa ikistawisha makao makuu, ilipima viwanja mpaka ilipovunjwa 2017, kwa hiyo mitaa mingi ya zamani ina michoro. Kisha mfike kwa miguu. Mkikuta mahindi, gereji ya chini ya mti au matofali ya mtu yamepangwa safi kabisa, andikeni barua kwa mtendaji siku hiyohiyo, muombe mipaka ifufuliwe. Bikoni (mawe ya mipaka) zikishang'olewa, ubishi wake hauishi, na mvamizi akifikia hatua ya lenta atawaletea habari za fidia.

Hatua ya 2: Sheria ndogo

Halmashauri haiwezi kumtoza mtu kwa sababu diwani kasema. Ada ya kibali cha ujenzi ipo, lakini inaingia kwenye mapato ya ndani pamoja na mengine yote. Mnachotaka nyie ni tozo yenye kazi moja. Hiyo inahitaji sheria ndogo chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290: ipite baraza la madiwani, Waziri aidhinishe, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Nyie mnaanzia mkutano wa mtaa. Muhtasari uliosainiwa uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani aubebe. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Ukija Mei umekuta sufuria limeshaoshwa.

Hatua ya 3: Hesabu inayoteteka

Waliozoea jambo hili ni Wamarekani. California ina sheria ya mwaka 1965 inayoitwa Quimby: anayegawa viwanja vya makazi anatoa ardhi au pesa ya bustani, kipimo cha kawaida kikiwa ekari 3 kwa wakazi 1,000, yaani kama mita za mraba 12 kwa kila mtu. Lakini mahakama nazo ziliweka breki. Mji wa Tigard, Oregon, ulimtaka mwenye duka la vifaa vya mabomba na umeme aachie sehemu ya kiwanja chake kandokando ya kijito ili apate kibali cha kupanua duka. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema mji lazima uonyeshe kwamba unachodai kinalingana na mzigo ambao ujenzi wenyewe unauleta. Huko ni huko, haiwafungi madiwani wetu. Ila ni kinga nzuri dhidi ya lawama za kukomoana.

Tufanye mfano, namba zote za kubuni. Apatimenti 40, watu wanne kila moja, ni watu 160. Kiwanja kilikuwa na nyumba ya watu watano, tuwatoe: 155. Mita za mraba 5 kwa mtu, tunapata 775. Kila mita kuinunua na kuitengeneza ni shilingi 15,000. Jumla 11,625,000, kama laki mbili na elfu tisini kwa kila apatimenti. Ukimwekea mwendelezaji karatasi ya namna hii mezani, atabishana na namba. Hatabishana na wewe.

Hatua ya 4: Kasma yake peke yake

Kwangu hii ndiyo roho ya somo zima. Pesa isiyo na kasma yake, yaani fungu lake kwenye bajeti, italipa posho na dizeli, na hakuna atakayekuwa ameiba. Sheria ndogo itaje eneo pesa inapotumika (kata ileile au ya jirani), taarifa ya bakaa ibandikwe ofisi ya kata, na kuwe na ukomo. California pesa ikikaa miaka mitano bila kutumika, halmashauri inatakiwa kueleza kwa maandishi inaisubirishia nini, isipoeleza, inarudishwa.

Hatua ya 5: Kupanda

Pandeni Desemba mvua zikishika. Mwarobaini, mkwaju, mgunga. Fensi itangulie miche, mbuzi wa huku mnawajua.

Maswali ya wanachama

*Mjumbe, Ilazo: Mwalimu, si mwenye nyumba atampandishia mpangaji kodi?*
Sehemu yake ndiyo, ndugu yangu. Ndiyo maana mimi napendekeza anayejenga nyumba moja ya kuishi mwenyewe asamehewe.

*Mama mmoja, Nzuguni: Hiyo pesa italipa mlinzi na bili ya maji?*
Hapana mama. Tozo inalipwa mara moja, bili inakuja kila mwezi. Ulinzi na maji vitafutiwe fungu la kawaida, au kodi ya vibanda viwili vya vinywaji hapohapo bustanini. Mkipuuza hili, kuanzia Mei mpaka Novemba mtakuwa mnatazama vijiti.

*Kijana, Nkuhungu: Mwendelezaji anasema atatoa kipande cha ardhi badala ya pesa. Tukubali?*
Kakitazameni kwanza baada ya mvua kubwa. Mara nyingi kinachotolewa bure ni korongo, maji ya mtaa mzima yanapita hapo. Kikiwa kikavu na kinafikika kwa mguu, kubalini, ila hati isomeke jina la halmashauri na matumizi yaandikwe eneo la wazi kabla hajapewa kibali.