Kupendekeza na Kubadilishana Mifululizo ya Fantasia: Mwongozo kwa Wasomaji wa Kisumu na Nakuru

Mtu akikushawishi usome riwaya moja na isikupendeze, umepoteza siku tatu. Akikuingiza kwenye mfululizo usiokufaa, au ambao kitabu chake cha pili hakipatikani mjini, amekula miezi yako. The Wheel of Time ya Robert Jordan ina juzuu 14, ukiacha kitangulizi chake. Kwa hiyo anayependekeza fantasia, yaani hadithi za uchawi na dunia za kubuni, ana deni kubwa kuliko anayependekeza riwaya nyingine, na deni hilo halilipwi kwa kusema "ni kitamu sana, kisome tu".

Anza na msomaji, kitabu kitafuata. Swali la "unapenda vitabu vya aina gani?" halizai kitu, kwani wengi hujibu "vyovyote vizuri". Muulize mambo matatu: kitabu cha mwisho alichokimaliza bila kujilazimisha, kitabu alichokiacha na alikiachia wapi, na muda anaopata wa kusoma kwa siku. Jibu la pili ndilo lenye mali. Aliyeiacha The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien kwenye safari na nyimbo za mwanzoni huenda hana ugomvi wowote na uchawi. Kilichomshinda ni mwendo. Mpe kitabu kifupi chenye uchawi uleule. Aliyeiacha A Game of Thrones kwa sababu ya ukatili na ubakaji, ukimpa hadithi nyingine ya kugombea kiti cha enzi kwa njia hizohizo, hukumsikiliza.

Sikiliza pia hadithi alizokulia. Msomaji aliyelelewa kwa kisa cha Lwanda Magere, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na siri ya nguvu zake ilikuwa kivulini, tayari ana mlango wa kuingilia A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin (1968), ambapo kijana mchawi anakifungulia kivuli kwa kiburi chake kisha kivuli kinamwinda. Hizo ni hadithi mbili zisizojuana, lakini hofu ni ileile. Kitabu chenyewe kina kurasa 200 hivi, na shujaa wake, Ged, ni mtu wa ngozi ya kahawia, jambo ambalo majalada mengi ya zamani yaliligeuza. Mwambie hilo mapema asidanganywe na picha.

Ukishamjua msomaji, andika pendekezo lako. Liandike hata kama utalisema kwa mdomo, maana kuandika kunakulazimisha kutafuta usichokumbuka. Mfano:

"The Fifth Season, N. K. Jemisin, 2015. Cha 1 kati ya 3. Mfululizo ulikamilika 2017. Dunia inayopasuliwa na matetemeko, na watu wanaoweza kuyatuliza wanaogopwa na kutumikishwa. Kitakufaa ukipenda siri zinazofunguka taratibu. Kitakuudhi ukitaka hadithi iende moja kwa moja kutoka mwanzo. Mhusika mmoja anasimuliwa kwa 'wewe'. Vumilia, kuna sababu. Tahadhari: kifo cha mtoto kipo tangu kurasa za mwanzo. Vyote vitatu ninavyo."

Sentensi ya "kitakuudhi" ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayojenga imani. Mtu akikuona umesema ukweli kuhusu udhaifu wa kitabu unachokipenda, atakuamini mara ya pili. Tahadhari nayo si uoga: mzazi aliyefiwa ana haki ya kuchagua siku ya kukutana na ukurasa huo. Kuhusu tuzo, vitabu vyote vitatu vya mfululizo huu vilipata Hugo, tuzo kubwa ya fantasia na hadithi za kisayansi, 2016, 2017 na 2018. Ni heshima kubwa, lakini haimwambii msomaji wako kama atakipenda, kwa hiyo iweke mwisho au iache.

Useme pia kama mfululizo umekwisha. A Song of Ice and Fire ya George R. R. Martin, mfululizo unaoanza na A Game of Thrones, ilifika kitabu cha tano mwaka 2011 na cha sita hakijatoka. Patrick Rothfuss alitoa kitabu cha pili cha mfululizo wake mwaka huohuo, na cha tatu bado kinasubiriwa. Wapo wasomaji wasiojali. Wapo wengine watakaokulaumu vikali, na watakuwa na haki kama ulijua ukanyamaza.

Namba za mgongoni hudanganya

Hapa ndipo mabadilishano mengi yanapoharibika, hasa kwa vitabu vya mitumba, kwa sababu matoleo ya Uingereza na ya Marekani hukutana kwenye turubai moja kando ya barabara. Kitabu kimoja kinaweza kuwa na majina mawili. Northern Lights ya Philip Pullman (1995) ndiyo The Golden Compass ya Marekani. Akata Witch ya Nnedi Okorafor ilitolewa na Cassava Republic kwa jina What Sunny Saw in the Flames. Asiyejua atanunua kitabu kilekile mara mbili, akidhani ni mwendelezo.

Narnia, mfululizo wa C. S. Lewis, ni mtihani zaidi. Seti za zamani za Marekani zinampa The Lion, the Witch and the Wardrobe (1950) namba 1. Matoleo ya HarperCollins yanaanza na The Magician's Nephew, ambacho kilichapishwa 1955 lakini kinasimulia yaliyotokea kabla. Matokeo yake ni kwamba "namba 2" ya mtu mmoja ni Prince Caspian na "namba 2" ya mwingine ni The Lion. Mkiagizana kwa namba, mtu atapokea kitabu alichokwisha kukisoma. Agizaneni kwa jina kamili na mwaka. Na kwa anayeanza, mpe The Lion kwanza: uzito wa kile kitangulizi unatokana na kuijua tayari kabati na taa za The Lion.

Kuna pia vitabu vilivyopasuliwa. A Storm of Swords na A Dance with Dragons za Martin, katika matoleo ya karatasi ya Uingereza, kila kimoja kimegawanywa mara mbili, kwa hiyo mfululizo wa riwaya tano unakuwa na vitabu saba. Ukiona Steel and Snow, hiyo ni nusu tu ya A Storm of Swords. Nusu nyingine ni Blood and Gold. Usiazime nusu moja kabla ya kujua nusu ya pili iko kwa nani. The Lord of the Rings (1954 hadi 1955) nayo ni hadithi moja iliyokatwa vipande vitatu, kwa hiyo iazimeni yote kwa pamoja.

Dawa ya haya yote ni ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina. Unaonyesha mwaka wa kwanza wa kuchapishwa, jina la zamani kama lipo, na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu: tarakimu 10 kwa vitabu vya kabla ya 2007, na 13 tangu hapo. Upige picha kwa simu, utume kwenye kundi lenu la kubadilishana. Picha ya jalada peke yake haitoshi.

Ukiwa bado umekishika kwa muuzaji, kifungue katikati na ukilaze polepole. Gundi kavu hulia kama kijiti, na kurasa huanza kuachana na mgongo. Kitabu hicho kitasomwa na watu wawili tu kabla ya kusambaratika. Fuata namba za kurasa 30 za mwisho moja moja. Karatasi za mwisho ndizo hutoka kwanza, na hakuna uchungu kama kukosa sura ya mwisho baada ya kurasa 700. Kisha kinuse: harufu ya ukungu haitoki, na ukungu wenyewe huhamia kwa jirani yake rafuni.

Vipi kuhusu Kiswahili? Kisiwekwe mwishoni kama nyongeza. Anayetaka ajabu na majini aanze na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, yenye gavana anayewachapa manyani wawili kila usiku na sababu ya kufanya hivyo. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi ni nyembamba kiasi cha kuingia mfukoni, lakini ni nzito. Anza na Nagona, na usimpe anayetafuta mapanga na majoka.

Kubishana bila kumwaga mtama

Kundi la watu sita hadi kumi linatosha. Wakizidi hapo, wenye sauti kubwa wanabaki wawili na wengine wanakuwa watazamaji. Kutaneni mahali pasipomlazimisha mtu kununua chakula: bustani ya umma kama Nyayo Gardens pale Nakuru, au maktaba ya umma ya Kisumu mkikubaliana kwanza na wahudumu kuhusu sehemu ya kuzungumzia.

Mpaka wa mazungumzo uwekwe kwa sura, si kwa ukurasa, kwa sababu ukurasa wa 210 katika toleo moja ni wa 260 katika jingine. Kabla ya kuanza, kila mmoja ataje alipofika, na mpaka uwe wa aliye nyuma zaidi. Wanaotaka kuendelea mbele wabaki dakika 20 baada ya wengine kuondoka. Ufichuzi nao una sura nyingi. Kusema "ngoja uone mwishoni!" ni kufichua, kwa kuwa msomaji sasa anajua kuna mtego. Maelezo ya nyuma ya kitabu cha pili mara nyingi yanataja nani alipona kwenye cha kwanza. Kivishe karatasi ya kaki kama daftari la shule kabla ya kukipeleka kwa mtu ambaye hajamaliza cha kwanza.

Maoni yapimwe kwa mahali. "Kinachosha" si maoni bado. Uliza kuanzia sura gani na kwa nini. "Niliachia sura ya tisa kwa sababu kila mtu anaongea kwa sauti moja" ni maoni, na mwenye kukipenda kitabu sasa ana la kujibu. Aliyeacha njiani ana haki ya kusema, ila aseme kwamba hakumaliza. Aliyetazama televisheni tu aseme pia: Game of Thrones ya televisheni ilifika mwisho 2019 ilhali vitabu havijafika, kwa hiyo hasira ya watazamaji kuhusu ule mwisho haiwezi kupakwa riwaya. Na asiwepo wa kumdharau mwenzake kwa sababu anasoma vitabu vya vijana. Wengi walioko kwenye Tolkien leo walipitia huko.

Nakala za PDF zinazozunguka kwenye simu ziacheni. Zinamnyima mwandishi haki yake, na mara kwa mara zina kurasa zilizorukwa, jambo ambalo huligundui mpaka umefika hapo.

Daftari lenu la kuazimana liwe na safu sita: jina na mwaka, mwenye kitabu, aliyekichukua, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, hali. Muda wa kuazima upigiwe hesabu. Kwa kurasa 25 kwa siku, kitabu cha kurasa 400 kinahitaji siku 16 na cha kurasa 900 siku 36. Ongeza siku tano za dharura. Mkitoa wiki mbili kwa kila kitabu bila kujali unene, vile vinene vitachelewa daima na watu wataanza kukwepana. Kitabu kikipotea, aliyekipoteza anunue toleo lilelile, kwa sababu seti yenye kitabu kimoja cha umbo tofauti ni jeraha kwa mwenyewe. Andikeni hilo ukurasa wa kwanza, siku ya kwanza, kabla hakijapotea chochote.

Kisumu kuna joto na unyevu wa ziwa, kwa hiyo msivibane vitabu ukutani. Acheni nafasi ya vidole vitatu nyuma ya rafu. Kitabu kilicholowa kisimamishwe kivulini, kurasa zikiwa zimetandazwa kama feni. Jua kali hupinda jalada na kuikausha gundi.

Kwa kubadilishana na wa Nakuru, parseli ya matatu inayopitia Kericho inafaa. Funga kila kitabu kwa gazeti, kisha plastiki, kisha katoni isiyobakiza nafasi, kwani kona hupondeka vitabu vinapocheza ndani. Andika jina na namba ya simu ya mpokeaji pande mbili za katoni, hifadhi risiti, na umtumie mpokeaji picha ya risiti hiyo kabla gari halijaondoka stendi.