Vitamini D: kidonge kinywe mchana, na chakula chenye mafuta

Juni ikiingia, watu wa Mbeya, Njombe na Makete hujifunika sweta, koti na kitenge juu yake. Jua linawaka, ila ngozi hailipati. Vitamini D hutengenezwa jua likigusa ngozi yenyewe. Linalopenya kioo cha dirisha la ofisi au la gari halisaidii, kwa kuwa kioo huzuia mionzi inayohusika.

Basi kabla ya kwenda duka la dawa, pima kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua linafaa. Kwetu nyanda za juu, hata Juni, hiyo ni takriban saa tano asubuhi hadi saa nane na nusu mchana. Kunja mikono ya sweta, acha mikono na miguu wazi kwa nusu saa hivi, siku kadhaa kwa wiki. Mwenye ualbino asifanye hivyo kabisa: njia yake ni chakula na vidonge.

Ukiamua kununua, soma kopo. Kiasi huandikwa kwa IU (kipimo cha kimataifa cha vitamini) au kwa mikrogramu (mcg), na mikrogramu 1 ni IU 40. Mtu mzima anahitaji IU 600 kwa siku, aliyepita miaka 70 IU 800, mtoto mchanga IU 400. Mtu mzima asivuke IU 4,000 kwa siku bila daktari. Vitamini D huuzwa kwa aina mbili, D2 na D3. Chagua D3, maana hupandisha kiwango cha damu vizuri kuliko D2.

Vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Ukikimeza kidonge asubuhi kwa chai ya rangi tupu, sehemu yake inaweza kupita bure. Kinywe na mlo wa mchana: parachichi nusu, mayai, maziwa, au usipa wa Ziwa Nyasa uliokaangwa. Usipa unaoliwa mzima na mifupa yake hukupa pia kalsiamu, ambayo bila hiyo vitamini D haiwezi kuimarisha mfupa.

Kosa tunaloliogopa zaidi ni la vidonge vya IU 50,000. Hivyo daktari humwandikia mwenye upungufu mkubwa, kwa kawaida kimoja kwa WIKI. Mtu akinywa kimoja kila siku, kalsiamu hujaa kwenye damu: kichefuchefu, kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, choo kigumu, kuchanganyikiwa, mwishowe figo kuharibika. Ukiona dalili hizo, acha vidonge na uende hospitali siku hiyo hiyo ukiwa na kopo lako mkononi.

Matone ya watoto nayo yana mtego. Chupa moja huwa na IU 400 kwenye tone moja, nyingine kwenye mililita nzima. Mama akibadilisha chupa bila kusoma, mtoto anaweza kupata dozi mara nyingi zaidi ya inayotakiwa. Muulize mfamasia akuonyeshe dozi kwa bomba la chupa hiyo hiyo.

Mwenye ugonjwa wa figo, mawe ya figo, anayetumia digoksini (dawa ya moyo) au vidonge vya presha vya kukojoza, aanze kwa daktari. Mafuta ya ini la samaki yana vitamini A pia. Mjamzito asiyatumie bila ushauri.

Na usingizi? Wengi hununua vidonge hivi kwa sababu hawalali. Ni kweli wenye upungufu mara nyingi huonekana kulala vibaya, lakini majaribio ya kuwapa watu vidonge yametoa majibu yanayopishana. Si dawa ya usingizi. Anayeweza kufaidika ni mwenye upungufu, hasa anayeamshwa na maumivu ya mifupa na misuli. Na hata yeye asitegemee nafuu ndani ya siku tatu, kwani kiwango cha damu huchukua miezi miwili hadi mitatu kutulia. Baadhi ya watu husema kidonge cha usiku huwakosesha usingizi. Hilo halijathibitishwa, lakini kukinywa mchana hakukugharimu chochote. Jaribu pia kuacha chai na kahawa kuanzia saa tisa alasiri. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini amwone daktari, vidonge hivi si tiba yake.

Kipimo cha damu huitwa 25-hidroksi vitamini D. Chini ya nanogramu 12 kwa mililita ni upungufu; 20 na zaidi inatosha watu wengi. Ukiwa kwenye dozi kubwa, rudia kipimo baada ya wiki 12, kabla ya kununua kopo jingine.