Ruta ya Pili Isipouona Mtandao Uliofichwa
Ikiwa ruta yako ya pili inakataa kujiunga na waifai ya ruta kuu ambayo jina lake limefichwa, lifichue jina hilo kwa muda, uziunganishe, kisha ulifiche tena. Muunganisho ukikatika mara tu baada ya kulificha, nywila haina kosa, na itakubidi uliandike jina kwa mkono, herufi kwa herufi, kwa kuwa "Sebule" na "sebule" ni mitandao miwili tofauti, na hata nafasi moja tupu iliyobaki mwishoni, isiyoonekana kwa macho, inatosha kuharibu kazi yote. Aina ya usalama nayo ilingane kwenye ruta zote mbili, kwa mfano WPA2. Ruta kuu usiiachie ijichagulie chaneli, yaani njia ya mawimbi inayotumia. Ifunge kwenye 1, 6 au 11 katika masafa ya gigahezi 2.4, kwani baadhi ya vifaa havisomi chaneli ya 12 wala ya 13. Ruta isiyo na gigahezi 5 haitauona kamwe mtandao wa masafa hayo, uwe umefichwa au uwe wazi. Mimi binafsi huliacha jina wazi, maana kulificha hakumzuii mdukuzi: jina hilo hupita hewani kila kifaa kinapojiunga.