Kupata na Kudumu na Wauzaji Wazuri Duka la Nguo Linapoongeza Matawi

Mmiliki wa duka la nguo Kariakoo anayefungua tawi Sinza, kisha jingine Mbezi, hugundua upesi kwamba fremu na mzigo hupatikana kwa urahisi kuliko mtu wa kumwachia funguo.

Usiajiri kwa maneno ya usaili pekee. Mpe mwombaji nusu siku dukani, ikiwezekana Jumamosi, na umlipe posho yake. Mtazame pale mteja anapoulizia gauni la sherehe kwa saizi ambayo imekwisha: muuzaji hasa hasemi "hakuna" akarudi kwenye simu yake, bali huuliza rangi ya sare na siku ya shughuli, akatoa mawili matatu yanayokaribiana, na yakikataliwa huyatundika tena mahali pake bila kuambiwa. Mimi huangalia zaidi hilo la mwisho, kwa kuwa kuuza hufundishika, ilhali kujali mali ya mwenzio mtu huja nako.

Mpe mkataba wa maandishi tangu mwanzo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na saa za ziada, ambazo msimu wa Idi na Krismasi haziepukiki, hulipwa mara moja na nusu.

Hata hivyo, kinachowaondoa wauzaji wazuri mara nyingi ni shoti, yaani mali inayopungua kwenye hesabu. Mwisho wa mwezi blauzi nne hazionekani, mwenye duka anawakata wote sawasawa, na wa kwanza kuondoka ni yule asiye na kosa, maana ndiye anayetakiwa na duka la jirani. Sheria hairuhusu makato ya namna hiyo: hasara lazima iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu yake, apewe nafasi ya kujitetea, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Dawa ni kuhesabu kidogo kidogo, leo jinzi, kesho mashati, na kila zamu inapopokezana watu wawili watie saini daftarini, ili upungufu ujulikane siku ileile.

Kamisheni nayo isiwe ya kipimo kimoja kwa matawi yote, la sivyo kila mtu ataomba kurudi Kariakoo kwenye wateja wa jumla.

Unapotafuta msimamizi wa tawi, usidhani anayeuza sana ndiye anayeweza kusimamia wenzake. Mjaribu kwa miezi miwili kwa posho ya muda, mkiwa mmekubaliana kwamba anaweza kurudi kuuza bila kudharauliwa. Umwekee pia kiwango cha punguzo anachoweza kutoa mwenyewe, kwa sababu msimamizi anayelazimika kukupigia simu kwa ajili ya shilingi 2,000 humkosa mteja, ambaye kabla hujapokea ameshavuka barabara.