Kinara cha Quistgaard: kigeuze kwanza

Jamani ukikuta kinara cheusi cha mishumaa cha chuma kizito dukani kwa mitumba huko Ulaya au Marekani, kabla hujatoa hela kigeuze uangalie chini, kama kimeandikwa Dansk Designs Denmark na herufi IHQ basi hiyo ni kazi ya Jens Quistgaard, mbunifu Mdenmaki aliyeanza na kampuni ya vyombo vya nyumbani ya Dansk mwaka 1954. Angalia na matundu, vingine vinakula mishumaa myembamba kama penseli tu, ya kawaida haiingii ng'o. Nta iliyoganda usikwangue kwa kisu, rangi itabanduka, wala usiloweke maana kutu haichelewi, we pulizia draya ya nywele mpaka ilainike, futa na kitambaa kikavu.